Udongo Uliokataa Shati

Jumamosi, tarehe kumi na tisa Mei. Manyunyu tangu alfajiri, upepo hakuna, mawingu yameshuka chini kama mfuniko.

Ndiyo siku waliyokubaliana kufukua mashati. Mama Pindo alikuwa ameketi barazani kwenye cherehani yake, mguu juu ya kanyagio, lakini gurudumu halizunguki. Mbele yake palikuwa na sare ya mtoto wa jirani iliyosubiri mikono, nayo ikaendelea kusubiri. Kila mara aliinua macho kutazama njia, na kila alipoyainua, kitu cha kwanza kuona kilikuwa ile miti.

Usingeweza kuikosa. Masika yalikuwa yamekolea, hata kuta zimeota ukungu wa kijani, na katikati ya mahindi yake ilisimama migunga mikubwa isiyo na jani hata moja. Matawi ya kijivu, yenye miiba, yamenyooka juu kwenye mvua kana kwamba yanaomba kuvutwa. Ndivyo ilivyo migunga ya aina ile. Mvua ikianza, inapukutika. Jua likiwaka mpaka nyasi zikawa unga, ndipo inapochipua, ikasimama na ukijani wake peke yake, kama mtu anayecheka msibani. Wapita njia waliiita miti wafu. Wako waliovuka upande wa pili wa njia wakiifikia, halafu wakarudi upande wao wakishaipita.

Aliyeipanda alikuwa mumewe. Marehemu alikuwa fundi baiskeli. Baraza ile ile, yeye upande huu na spana zake, mkewe upande ule na mkasi wake, na kati yao redio moja waliyogombania. Mbegu alizileta kwenye mfuko wa shati kutoka safari fulani, akazipanda ndani ya shamba la mahindi, si pembeni, watu wakamcheka. Miti ilipokua alianza tabia moja ambayo mkewe hakuizoea mpaka mwisho. Mvua ikishakatika, alikwenda kulala kifudifudi chini ya mgunga, sikio ardhini.

"Wanakula," alisema akirudi, shavu lina matope.

"Nani?"

"Wenyewe."

Hakufafanua zaidi ya hapo. Halafu kifua kikamshika, akakohoa masika mazima, na yalipoisha masika naye akaisha. Baada ya mazishi Mama Pindo alikwenda siku moja mchana kweupe, akatazama huku na huku, akalala pale pale. Kwanza hakusikia kitu. Kisha chini kabisa akasikia tiki, tiki, tiki, mfululizo, kama cherehani inayoshona kwenye nyumba ya mbali. Aliinuka akapangusa kanga, na hakumwambia mtu. Mjane anayelaza sikio shambani, watu watammalizia hadithi wenyewe.

Jina la Mama Pindo alipewa na wateja. Hakuweza kuacha kitu kitoke mikononi mwake na ukingo mtupu. Kuna mtu alimletea gunia atie mshono mmoja tu lisipasuke, likarudi limepindwa pande zote.

"Mama, hili si la mkaa tu?"

"Na mkaa nao usitiriwe."

Mwenye gunia lile ndiye aliyekuwa wa kwanza kutokea njiani asubuhi hiyo ya manyunyu. Watu walimwita Masizi, mchoma mkaa, na begani alibeba msumeno mrefu uliofungwa kwa matambara. Nyuma yake alifuata shemeji, kaka mkubwa wa marehemu, viatu vya mpira vimeoshwa vikang'aa kana kwamba hatembei kwenye matope kama wenzake.

Huyu shemeji walimwita Bwana Usafi. Maisha yake yote alikuwa msafishaji wa wodi hospitalini, na alipostaafu alirudi na wodi kichwani. Shamba la baba yao liligawanywa kwa kijia kimoja: huku la marehemu, kule lake. Lake lilikuwa safi. Hakuna mti, hakuna gogo, hakuna jani. Baada ya mavuno aliyakusanya mabua yote akayachoma, na palipobaki jani la ukaidi alipiga dawa ya magugu. Juu ya shamba lake, karibu na nyumba, palikuwa na makaburi ya ukoo, nayo aliyafagia kila asubuhi, mistari ya ufagio imelala upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Mdogo wake alilala pale.

Bwana Usafi hakumchukia shemeji yake. Alichokichukia ni ile miti. "Tangu ianze kukauka kwenye mvua, mdogo wangu akaanza kukohoa," alisema kila alipopata msikilizaji. "Mti gani unaofurahi wakati watu wana njaa, ukafa wakati watu wanashiba? Ile imemvuta. Sasa itamvuta nani tena?" Yeye ndiye mkubwa wa ukoo, na neno la ardhi lilikuwa mdomoni mwake. Mwanzoni mwa mvua alimwita Masizi aje aikate yote.

Mama Pindo hakulia wala hakupiga kelele. Alikumbuka neno la bwana shamba, alilolisema kwenye mkutano uliokatizwa na mvua hata watu wakakimbia kabla hajamaliza: zikeni kitambaa cha pamba tupu, mkifukue baadaye. Udongo ulio hai hula pamba. Uliokufa haugusi.

"Shemeji," alisema, "wewe unasema upande wangu umekufa. Mimi sisemi kitu. Tuuache udongo wenyewe useme. Tuzike nguo huku na kule. Wangu usipokula, kata."

Bwana Usafi alicheka. "Na wangu ukila zaidi?"

"Kata pia."

"Basi Masizi anoe msumeno kabisa."

Kupata pamba tupu haikuwa kazi ndogo. Nguo za siku hizi zimechanganywa, na fundi hujua kwa kuchoma uzi mmoja: pamba huwa majivu na hunuka karatasi, nyingine huyeyuka ikawa kishanga cheusi. Alichoma uzi wa kila kitambaa nyumbani. Mwishowe vilibaki vitu viwili, mashati mawili meupe ya marehemu, aliyomshonea mwenyewe kutoka jora moja, ya kuvaa kwenye shughuli. Aliyashika muda mrefu. Bwana shamba alisema kitambaa chochote, hata tambara. Lakini yeye aliona vifungo viwili vimelegea, akavikaza. Akaona mfuko wa shati moja umeachia pembeni, akaurudisha. Akapitisha pindo jipya chini, kwa uzi ule wa dukani ambao ndio pekee unaouzwa, usio wa pamba. Akayapiga pasi mpaka mikunjo ya mikono ikasimama.

"Unaupigia pasi udongo?" shemeji alimuuliza siku ya kuzika.

"Kitu kisichopindwa hakitoki kwangu, shemeji. Unanijua."

Walichimba kina cha shubiri, wakalilaza kila shati limenyooka, mikono pembeni. Kule kwa Bwana Usafi lilipokuwa linafukiwa, wote wawili waliona ni kama wanamzika marehemu mara ya pili. Waliweka jiwe juu, wakapangusa mikono, wakaondoka kila mtu na njia yake, upesi upesi.

Sasa ilikuwa siku ya kufukua.

"Tuanze na kwako," shemeji alisema. "Tumalize, Masizi ana kazi."

"Mimi sina haraka," Masizi alisema akitazama juu. Hakuwahi kuisogelea migunga ile mvua ikinyesha. "Lakini hii miti ni mikavu au mibichi? Maana mkavu nautoza bei yake."

"Mibichi," alisema Mama Pindo.

"Mbona inaonekana kama imekufa juzi?"

"Ndivyo inavyolala."

Masizi akahamishia msumeno bega la pili.

Waliingia kwenye mahindi. Chini ya migunga mahindi yalikuwa mazito, ya kijani iliyokaribia weusi, na yalianza kuwafika kifuani. Ardhi ilibonyea. Kila hatua ilizama kidogo kisha ikarudi, kama godoro ambalo mtu amegeuka upande wa pili. Bwana Usafi alikuwa akiinua miguu juu kuliko inavyohitajika. Harufu ilikuwa nzito, ya mkate na ya chumba kilichofungwa, na palikuwa kimya kiasi kwamba waliyasikia matone yakitoka kwenye miiba.

Mama Pindo aliondoa jiwe. Chini yake kitu kirefu kilijivuta ndani ya tundu na kupotea. Hakutumia jembe. Alipiga magoti akafukua kwa vidole, na udongo uliachia kirahisi, punje punje, ukiwa na mizizi mithili ya nywele na nyungunyungu waliojikunja wakikataa mwanga. Alifukua hadi kina cha shubiri. Hakuna shati.

"Limekwenda wapi?" Masizi aliuliza.

"Ngoja."

Alipuliza udongo wa juu. Kikatokea kifungo. Juu yake kidogo, cha pili. Vyote vilikuwa vimelala kwenye mstari, nafasi zile zile, kila kimoja mahali pake, lakini kati yao na pembeni yao hapakuwa na nguo. Alizidi kupuliza, na sasa wote waliiona: mishono. Nyuzi zake mwenyewe zilikuwa zimebaki, mishono mifupi mifupi, ikichora kola, ikashuka mabegani, ikazunguka makwapa, ikapinda chini kwenye pindo jipya. Shati zima lilikuwa pale, lakini limechorwa tu. Ndani yake ulikuwa udongo.

Masizi alisema "Loo," taratibu, kisha akasema tena.

Mama Pindo aliinama zaidi, kwa sababu jicho la fundi liliona kitu ambacho wengine hawakukiona. Palipokuwa pengo la kola, ambapo yeye hakuwahi kupitisha sindano, palipita uzi mwingine mweupe, mwembamba kuliko wake. Ulitoka kwenye mzizi wa mgunga, ukaungana na mshono wake, ukaufuata hatua kwa hatua mpaka begani, ukagawanyika, ukaendelea kifuani ambapo hapakuwa na mshono. Alijua ni kuvu. Bwana shamba naye alikuwa amesema kuna nyuzi za kuvu. Lakini mkono ulioufuata mshono ule ulikuwa umetulia, haukukosea, na kwa muda mfupi alipata wazo kwamba kuna mtu amepokea kazi yake na kuiendeleza.

"Umemla," Bwana Usafi alisema nyuma yake. Sauti yake ilikuwa kavu. "Si ndiyo? Tazama. Umemla mdogo wangu, umeacha mifupa."

"Ni shati, shemeji."

"Ni shati lake."

"Tulikubaliana. Ulio hai hula."

"Mimi nilikubaliana na kitambaa! Sikukubaliana na..." Alionyesha kwa mkono, akaurudisha mkono haraka, kana kwamba ungeweza kudakwa. "Masizi, anza na huo hapo."

Masizi alitazama mishono, akautazama mti, akautazama msumeno wake. "Mzee, twende kwanza tukaone na lako. Haki iwe sawa."

Walivuka kijia. Mara tu walipoukanyaga upande wa pili, sauti ya hatua zao ilibadilika, ikawa kama ya watu wanaotembea ukumbini. Mahindi ya Bwana Usafi yalikuwa membamba, ya manjano kwenye ncha, yamepangwa kwa mstari ulionyooka kupindukia. Mvua ilikuwa haijaingia. Ilikaa juu kwenye vidimbwi, ikitazama.

"Safi au si safi?" Bwana Usafi aliuliza, na alionekana kupata nafuu. Alipiga jembe. Likalia kwenye udongo kama limegonga sakafu. Alipiga tena, likatoa vipande kama vigae. Hakuna kilichojivuta, hakuna kilichojikunja. Alipofika kwenye shati aliweka jembe kando, akaingiza mikono miwili, akaliinua.

Lilitoka zima.

Alilikung'uta, na udongo ukaanguka wote, likabaki jeupe. Waa jekundu la udongo lilikuwa mgongoni tu, mahali lilipolalia. Mikunjo ya pasi bado ilisimama mikononi. Kwenye kiungo cha mkono wa kulia palikuwa na doa la grisi la mnyororo wa baiskeli, ambalo Mama Pindo alikuwa amelifua miaka bila kulishinda.

"Haya!" Bwana Usafi alisema, akiligeuza juu kila mtu aone. "Haya sasa! La kwako limemla, la kwangu limemtunza. Tazama kola! Hata wewe ungeliuza dukani. Nani amekufa hapa?"

Alilileta shati karibu na pua, kwa mazoea ya mtu aliyefanya kazi na mashuka. Alivuta pumzi, akangoja, akavuta tena.

"Halinuki," alisema.

"Halinuki nini?" aliuliza Masizi.

"Halinuki kitu. Wala udongo." Aliokota kigae kimoja cha ardhi yake, akakinusa. "Na huu haunuki."

Hapo ndipo uso wake ulipoanza kubadilika. Mama Pindo alimwona akilitazama lile doa la grisi, kisha mikunjo, kisha akainua macho pole pole juu ya mahindi, juu ya kilima, mpaka yakafika pale penye mistari ya ufagio. Alisimama hivyo. Shati lilining'inia mkononi mwake, mikono ya shati imenyooka chini.

"Shemeji," alisema hatimaye. "Udongo wa pale juu ni huu huu?"

Mama Pindo angeweza kusema hapana. Baadaye alifikiri kwamba angeweza. "Ni huu huu. Uliufagia mwenyewe."

"Kwa hiyo kama shati..."

Hakumaliza. Masizi akaubeba msumeno wake. "Mzee, mimi leo sikati kitu. Leo wala kesho. Mkipata mkataji mwingine, msimwambie mlinionyesha haya." Alishika njia, na walimwona akivuka upande wa pili hata kabla hajaifikia migunga.

Bwana Usafi aliketi juu ya vigae vya shamba lake na suruali yake nyeupe. Hakupangusa.

Alasiri manyunyu yalikatika. Mama Pindo alikuwa amerudi kwenye sare ya mtoto wa jirani, na safari hii alishona, maana mikono ilihitaji kitu. Aliona kivuli kwenye ngazi ya baraza. Shemeji alikuwa amesimama, shati limekunjwa kwapani. Alikaa kwenye benchi la marehemu, upande wa spana, pahali ambapo hakuwahi kukaa tangu msiba.

"Nilifikiri nimemtunza," alisema. "Kila asubuhi. Jani likianguka, naokota. Nilisema alale pasafi."

"Najua, shemeji."

"Wodini tulikuwa tunaua kila kitu. Sakafu ukiilamba huugui. Nikadhani..." Alikwaruza goti. "Kila mtu anaambiwa atarudi udongoni. Sasa mimi nimemzuia. Yuko pale, na doa lake mkononi, anangoja, na mimi namfagilia juu. Atakuwa yuko vile vile, eti?"

"Mtu si shati, shemeji."

"Hujui."

"Sijui," alikubali.

Mbali kidogo, kutoka upande wa migunga, ulikuja mlio mdogo wa udongo ukinywa maji, kama midomo mingi ikifumbuka kwa pamoja. Miaka yote shemeji alisema hausikii. Sasa Mama Pindo alimwona akigeuza sikio.

"Sauti ile," alisema. "Ndiyo aliyokuwa akiisikiliza?"

"Ndiyo."

"Mizizi ikifika kwake, itamwuma?"

Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na aliuliza kama anavyouliza mtoto kuhusu sindano. Mama Pindo alisimamisha gurudumu la cherehani. "Haikumwuma alipolala juu yake. Aliipenda."

Bwana Usafi alitikisa kichwa mara nyingi. Kisha akasema lile alilolijia. "Nipe mbegu. Nipande pale. Kando yake, karibu, mizizi imfikie. Na ile yako sitaigusa, wala mtu yeyote wa ukoo hataigusa, nimesema." Akaweka shati juu ya meza ya cherehani. "Hili sitaki likae kwangu. Linanitazama."

Jioni hiyo, jua likiwa bado mlimani, Mama Pindo alitoa makopo ya maganda ya mgunga, yale ya manjano yaliyojikunja kama maganda ya chungwa, akayavunja. Mbegu za mgunga ni ngumu. Ukizipanda hivi hivi, zinaweza kulala ardhini miaka bila kujua kama mvua imenyesha. Alichukua mkasi wake mdogo, ule wa kukatia nyuzi za vifungo, na kila mbegu akaitia jeraha dogo ubavuni, kwa uangalifu, kama anavyofungua tundu la kifungo. Akaziloweka kwenye bakuli. Halafu akachukua lile shati zima, akaligeuza nje ndani, akafumua mishono yote mmoja mmoja, mpaka likawa vipande vya pamba tupu visivyo na uzi wake hata mmoja. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kuacha ukingo bila pindo.

Asubuhi yake mbegu zilikuwa zimevimba, zimekuwa laini na nzito. Alikwenda kwanza chini ya migunga akajaza ndoo udongo ule mweusi pamoja na vilivyomo, nyuzi na wanaojikunja na wote. Alipanda kilima. Ufagio wa shemeji ulikuwa umeegemea ukuta, kichwa juu, na juu ya kaburi yalikuwa yametulia majani yaliyopeperushwa usiku, hayakuokotwa. Shemeji mwenyewe alisimama mlangoni mwa nyumba yake, hakusogea karibu.

Mama Pindo alichimba pembeni, jembe likalia, akachimba tena. Alivilaza vipande vya shati chini, akamwaga ndoo juu yake, akabonyeza mbegu kwa kidole gumba. Alipomaliza alitazama huku na huku, kisha akaacha kutazama, akalala kifudifudi mbele ya shemeji yake, akaweka sikio ardhini.

"Vipi?" shemeji aliuliza kutoka mlangoni.

Aliinua mkono kumnyamazisha, akabaki pale pale akisikiliza.